Siku Niliyomwita Mama Jirani

Jumapili, mwezi wa saba. Mfaranyaki, Songea.

Baridi ya leo si ya mchezo. Ukungu ulikaa juu ya mabati mpaka saa nne, na hata sasa ninapoandika jua limechungulia tu na kurudi lilikotoka. Nimetoka misa ya kwanza. Sikukomunika, sikwenda kupokea ekaristi. Watu wa benchi langu walisimama, wakapita mbele ya magoti yangu mmoja mmoja, mimi nikabaki nimekaa, nikijifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Hakukuwa na kitu. Nilikuwa na aibu tu, na aibu haina mahali pa kuiweka kanisani.

Kwa ambaye hajawahi kupita kwenye ukurasa huu: naitwa Getruda, wengi wananiita Mama Skola. Nina duka la dawa hapa Mfaranyaki, huu ni mwaka wa kumi na moja. Navaa koti jeupe. Wateja wananiita dokta, na sijawahi kumsahihisha hata mmoja.

Mama yangu anaishi Lusewa, kule Namtumbo, kwenye nyumba ile ile aliyotulelea. Baba alishafariki. Mama amelima mahindi na tumbaku tangu ujana wake, na macho yake ni mekundu, yanatoka machozi. Nayakumbuka hivyo tangu niko shule ya msingi. Ana kibano kidogo cha chuma, amekifunga kwenye pindo la kitenge. Kila baada ya siku chache anatafuta mahali penye mwanga, anavuta kope kwa kidole, anang'oa nywele moja moja. Sisi watoto tulikua tukimwona akifanya hivyo, tukaona ni jambo la kawaida, kama kukata kucha.

Nilipokuwa msichana niliwahi kumuuliza kwa nini anazing'oa. "Zinanichoma," alisema. Nikadhani ni moshi. Tumbaku ya kwetu inakaushwa kwenye bani, kile kibanda cha moto, na moto wa bani alikuwa anauchochea yeye.

Nilipofungua duka nikaanza kumtumia dawa ya matone. Kila mwezi, chupa mbili, namkabidhi kondakta wa basi. Halafu napiga simu. "Mama, dawa imefika?" "Imefika mwanangu, Mungu akubariki." Basi, nakata simu nikiwa nimeridhika kabisa. Nikienda kumsalimia namkuta na chupa amezipanga dirishani, nafurahi.

Miaka yote hiyo sijawahi kumwambia mama, geukia mwanga nikuone.

Niandike tena ili nisijidanganye. Sijawahi kumtazama.

Na si kwamba mambo ya kope siyajui. Dereva wa bodaboda akija na chokea, kale kajipu kekundu kwenye ukingo wa kope, namwambia achovye kitambaa safi kwenye maji ya vuguvugu akikande mara kadhaa kwa siku, na asikikamue hata kikimtamanisha. Fundi cherehani wa jirani alikuwa anaamka kope zimegandana, kingo zinawasha na zina magamba kama mba. Nilimfundisha kuziosha taratibu kila siku, sasa hana shida. Kivimbe kigumu kisichouma kikikaa kwenye kope muda mrefu, namwelekeza mtu kwa daktari wa macho. Kope la upande mmoja likilegea ghafla, simuuzii mtu hata kidonge, namwambia nenda hospitali sasa hivi. Wageni wote hao nimewainua kidevu, nimewamulika na tochi.

Mama nilimtumia chupa.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Skola, mwanangu wa kwanza, anafundisha chekechea. Amempata kijana, Fidelis, watu wao ni wa upande wa Peramiho. Wiki mbili zilizopita, Jumamosi, ndiyo siku waliyopanga kuja na posa. Mama alifika kutoka Lusewa Alhamisi yake, na kuku mmoja, na karanga, na kitenge kipya alichokuwa ameshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Alikifungua akanionyesha. "Nikae vizuri mbele ya wakwe," alisema, akacheka.

Mimi nikayaangalia macho yake, nikaogopa.

Huku kwetu anayejua anajua. Bibi mwenye macho mekundu watu wanaanza kumsema uchawi. Hawasemi kwa sauti. Wanasema kwa kuhamisha watoto, kwa kunyamaza anapopita. Nimewahi kusikia wateja wakimjadili bibi mmoja dukani kwangu, mbele ya kaunta yangu, na mimi nikaendelea kuhesabu vidonge. Nikawaza, watu wa Fidelis wakimwona mama watasema nini wakifika kwao? Watasema tumwoe mjukuu wa huyu?

Woga huo niliuita busara. Kuna jingine baya zaidi. Mwaka juzi mtoto wa mdogo wangu alipofariki kwa homa, wazo lilinipitia kichwani kuhusu mama yangu mwenyewe. Lilipita kama panya anavyovuka sebule. Sikulifuata, lakini sikulifukuza pia.

Nimeliandika. Sijawahi kulisema kwa mtu.

Ijumaa jioni nikamwambia, "Mama, kesho utapumzika chumba cha nyuma. Wageni ni wengi, utachoka." Alinitazama kidogo. "Sawa," akasema. Jumamosi asubuhi nikamkuta amekaa kitandani chumba cha nyuma, amevaa kile kitenge kipya na kitambaa chake cha kichwani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Wageni wakaja. Mshenga, baba mkubwa wa Fidelis, na shangazi yake, mama mmoja mfupi mkulima anaitwa Osmunda. Wakakaa, wakanywa togwa, mazungumzo yakaenda vizuri. Halafu baba mkubwa akauliza, kwa heshima tu, "Na bibi mzaa mama hatujamwona. Tungependa kumsalimia."

Nyumba yetu haina dari. Sauti ya sebuleni inapita juu ya ukuta kama hakuna ukuta.

"Mama yuko Lusewa," nikasema. "Miguu inamsumbua, safari hakuiweza."

Baba Skola alikohoa, akaangalia sakafu. Baba mkubwa akasema wampe pole sana. Nikasema salamu zitafika.

Baada ya chakula shangazi Osmunda akaomba kuonyeshwa choo. Nilikuwa na sahani mikononi, nikamwelekeza tu kwa kidevu. Nilishasahau kwamba kufika chooni lazima upite uwani. Alikawia. Kisha nikasikia anaita, "Mama Skola, hebu njoo."

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta palipopiga jua. Chumbani hakukuwa na mwanga wa kutosha, na nywele za kope zilikuwa zinamchoma. Kibano kilikuwa mkononi. Shangazi Osmunda alikuwa amechuchumaa mbele yake, kanga yake ya heshima inagusa vumbi, amemshika mama usoni kwa mikono miwili.

"Hebu angalia," akaniambia. "Kope zimejikunja kwa ndani. Nywele zote hizi zinakwaruza jicho. Mama mkwe wangu alikuwa hivi hivi, sisi tukasema ni uzee. Amekufa hauoni hata mlango." Akamgeukia mama. "Mama, wewe ni nani wao hapa?"

Mama alijibu haraka, kabla sijafungua mdomo.

"Mimi jirani tu. Nimekuja kusaidia vyombo."

Alikuwa amelisikia neno langu kutoka sebuleni, akaja kulishikilia. Akaniangalia. Machozi yalikuwa yanatoka, lakini machozi yake hutoka siku zote, huwezi kujua. Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi ndefu kabisa, jogoo angeweza kuvuka uwanja mzima.

"Ndiyo," nikasema. "Ni jirani yetu."

Mama akainamisha uso.

Shangazi Osmunda akasimama, akakung'uta kanga. Akasema basi, kwa kuwa mimi nina duka na siwezi kuliacha, Jumatatu atakuja yeye mwenyewe ampeleke huyu jirani hospitali, maana hili jambo si la kungoja. Nikamshukuru. Nilimshukuru kabisa, kwa maneno mazuri.

Wageni walipoondoka nilimkuta mama amefunga kanga kuukuu juu ya kitenge kipya, anaosha vyombo. Nikamwambia aache. "Acha nimalize," alisema bila kugeuka. "Nimeshasema nimekuja kwa kazi hii."

Skola alingoja mpaka jioni. Alibeba godoro lake akalipeleka chumba cha nyuma. Akiwa mlangoni akasema, "Mama, bibi alisikia. Na mimi nilisikia." Basi.

Jumapili hiyo nayo sikukomunika.

Jumatatu saa moja asubuhi shangazi Osmunda alifika na bodaboda, ametoka kwao bado giza. Mama alikuwa tayari. Mimi nikafunga duka nikawafuata, nikisema nitawasaidia njia. Hospitali foleni ilikuwa ndefu, watu wamejifunika mablanketi. Zamu yetu ilipofika nesi akauliza jina, umri, mahali anapokaa. Halafu akauliza, "Ndugu yake ni nani?"

Shangazi Osmunda akaanza, "Andika mimi, huyu hana..."

"Mimi ni mtoto wake," nikasema. "Huyu ni mama yangu mzazi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Foleni nzima ikageuka. Nesi akaandika tu, kwake lilikuwa jibu kama majibu mengine. Shangazi Osmunda alinitazama muda mrefu. Nilingoja anitukane, na ningeona ni haki.

"Nilijua," akasema. "Pua yenu ni moja. Nilikuwa nangoja useme."

Mama alikuwa anafuta macho kwa leso.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono mitulivu. Alilipindua kope la juu la mama kama mtu anayegeuza ukurasa, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akaniita nitazame na mimi. Upande wa ndani, mahali ambapo pangekuwa laini, palikuwa na makovu meupe, mistari mistari. Alieleza taratibu. Ni trakoma, ugonjwa wa kuambukizana, unaompata mtu tena na tena tangu utoto, kwa mikono, kwa nguo, kwa nzi, hasa kwenye nyumba zenye shida ya maji. Kila unapokuja unaacha kovu. Makovu yanavuta kope, kope linajikunja, nywele zinageukia jicho. Kila anapopepesa zinakwangua kioo cha jicho. Kung'oa kunampa nafuu ya siku chache tu, na zinazokatika zinarudi fupi na ngumu. Dawa ya matone haiwezi kunyoosha kope. Inahitajika operesheni ndogo, kwa ganzi, kope ligeuzwe nywele zitazame nje.

"Mama ulikuwa unatumia nini?" akauliza.

"Matone," mama akasema. "Mwanangu ananitumia. Hajawahi kukosa mwezi."

Alisema kwa fahari. Hakuwa ananichoma. Anajivunia kweli, ndiyo maana nilitamani sakafu inimeze.

Daktari aliandika bila kuniangalia. Akasema jicho la kushoto limewahi. La kulia lina kovu jeupe katikati ya kioo, operesheni itazuia lisiendelee kuharibika lakini lililopotea pale halitarudi. Nikamuuliza lingewahiwa lini. Akasema ni vigumu kujua, miaka kadhaa nyuma pengine. Nilihesabu chupa kichwani.

Jumatano wakamfanyia. Haikuchukua hata muda wa misa fupi kwa kila jicho. Alitoka ameshikwa mkono, macho yote yamefunikwa, akaniuliza kama nimekula. Usiku ule Skola alimlisha uji kwa kijiko. Kesho yake wakafungua bandeji. Kope zilikuwa zimevimba, zina nyuzi, amekuwa kama mtu aliyepigana. Alipepesa mara moja, akangoja. Akapepesa tena. Akashika ukingo wa kiti.

"Hakuna kinachotembea humo," akasema. "Getruda, hakuna kinachotembea."

Nilitoka nje nikalilia kwenye ukuta wa maabara.

Ijumaa hii wametoa nyuzi. Wamempa dawa ya kupaka, na wamesema arudi waangalie, maana nywele nyingine huwa zinarudi ndani hata baada ya operesheni. Shangazi Osmunda naye alikuja tena. Kuhusu ndugu zake aliniambia, "Mimi sijawaeleza. Utasema mwenyewe." Jana nikampigia baba mkubwa wa Fidelis. Nilimwambia kwamba siku ile mama alikuwa chumba cha nyuma, na kwamba nilimficha kwa sababu ya macho yake. Akasema ngoja wakae waongee. Skola hakulala vizuri, nilisikia kitanda kikilia.

Leo nilipotoka kanisani nikakuta wamepiga, Skola ndiye aliyepokea. Wanakuja Jumamosi kumsalimia bibi. Mambo mengine yote wamesema yatafuata baada ya hapo. Skola alinieleza huku anafua, hakucheka wala hakununa. Naona bado hajanisamehe, na sitamharakisha.

Halafu nikaenda kukaa na mama barazani. Alikuwa amejifunika shuka, anaangalia barabara kama mtu anayesoma. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kanisani, yote yakapotea, nikasema tu, "Mama, nisamehe. Nilikukana."

"Nilisema moyoni, huyu ana sababu yake," akasema. "Haya macho hata kule kwetu yanasemwa. Unajua watoto wa jirani hawatumwi tena kwangu kuomba chumvi? Siku hizi mama yao anakuja mwenyewe, anasimama mbali." Akanigeukia na jicho lake la kushoto, ambalo sasa linatazama kweli. "Na wewe ulikuwa unaniogopa, Getruda?"

Ningeweza kusema hapana. Angenikubalia, kama alivyonikubalia matone.

"Siku moja, mama," nikasema. "Yule mtoto alipofariki."

Hakulia. Aliangalia barabara, bodaboda ikapita, akaiangalia mpaka ikakata kona. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, na hakuuondoa. Lakini hakusema amenisamehe. Nataka niliandike hilo kama lilivyo. Hakusema.

Alipozungumza tena, lilikuwa jambo jingine kabisa. Akasema pale kijijini wapo wawili wengine, Mama Kristina na mama mmoja Mwislamu anayekaa karibu na kisima. Nao wana vibano. Wanakutana mchana baada ya shamba, wanang'oleana, kwa sababu mwenyewe huwezi kuona vizuri ukilia. Mama Kristina siku hizi haendi shamba bila kushikwa mkono, haoni njia.

"Nitawatumia dawa," nikasema. Ilitoka yenyewe. Nilikuwa bado niko magotini.

Mama akaondoa mkono begani kwangu.

"Usitume kitu," akasema. "Njoo uwatazame."

Kwa hiyo duka litafungwa kuanzia Jumatatu ya wiki ijayo, wageni wakishaondoka. Tutapanda basi wote wawili. Nitapita kwa Mama Kristina kwanza, halafu karibu na kisima. Nitawaambia kilichompata mama, na nitawaambia kwa nini mwanawe muuza dawa alichelewa, kabla hawajaniuliza.

Halafu nitawaomba wageukie mwanga. Wakikataa nisiwaguse, wakisema tumezoea kusaidiana wenyewe, nitakuwa na haki gani ya kubisha?